Posho ya Lori: Petroli, Dizeli na Njia ya Tunduma

Kabla posho haijawa unga wa mahindi kwa Mkenya au bahasha ya semina kwa Mtanzania, ilikuwa hesabu ya msafara. Mpagazi aliyeondoka Bagamoyo katikati ya karne ya 19 alitwishwa mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na desturi ikampa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu za kilo. Gawanya mzigo kwa posho na jibu linatoka wazi: mtu aliyebeba chakula kitupu angekuwa amekimaliza chote baada ya siku 45 hivi, na kwa mwendo wa kilomita 15 kwa siku asingekuwa bado ameiona Tabora. Ndiyo maana misafara ilinunua chakula njiani, ikalipa hongo Ugogoni ili ipite na kupata maji, na ikarudi pwani na pembe za ndovu badala ya mtama. Pembe ilikuwa na thamani kubwa kwa kila ratili, kwa hiyo iliweza kulipa tumbo la aliyeibeba. Mtama haukuweza. Nchi iliyo na ardhi pana, mito isiyopitika kwa vyombo na wanyama wa kubeba wanaouawa na mbung'o ililazimika kujiuliza jambo hili mapema kuliko nchi nyingi: katika kila mzigo unaofika, ni kiasi gani kimeliwa na mbebaji?

Ninaanza huko kwa sababu habari ya lori la petroli na lori la dizeli husimuliwa kwa kawaida kama habari ya nguvu. Husemwa kwamba dizeli ilishinda kwa kuwa ina mvuto, kwamba petroli ni ya magari mepesi na dizeli ni ya kazi, na kwamba anayetaka kukokota trela zito hana la kuchagua. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanauacha nje ukweli mkubwa zaidi. Ukiifuata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia, ambako uamuzi huu ulifanywa kwa kiwango kikubwa na kwa haraka kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, utaona kwamba kilichoamua hasa ni posho. Petroli ilishindwa kwa sababu ya kula mzigo. Na trela lilifanya zaidi ya kuvutwa na dizeli, kwa kuwa ndilo lililoilipia.

Injini ya kwanza ya gari iliyoingia barani kwetu kwa wingi ilikuwa ya petroli, na iliingia na vita. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipoivamia Afrika Mashariki ya Kijerumani kutoka upande wa Kilimanjaro, yalikuja na malori na magari madogo ya Ford, kwa tumaini kwamba gurudumu lingewaondolea makamanda tatizo la wapagazi. Mvua za Aprili mwaka huo zilijibu. Kikosi kilichotangulia hadi Kondoa kilikatika nyuma yake, malori yakazama kwenye tope, farasi na nyumbu wakafa kwa mamia, na chakula kikafikishwa kwa vichwa vya watu. Kuanzia hapo vita vilikuwa vya wapagazi. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, makumi ya maelfu hawakurudi, na kambi yao ya Dar es Salaam ikaacha jina ambalo kila mkazi wa mji analitamka bila kufikiria, Kariakoo, yaani jina la Kiingereza la kikosi cha wabebaji katika matamshi yetu. Maofisa wa ugavi waliteswa na hesabu ileile ya Bagamoyo: wapagazi wa mstari wa mbele walihitaji wapagazi wengine wa kuwaletea posho, nao hao walihitaji wengine. Kadiri vita vilivyokwenda kusini, ndivyo mnyororo ulivyojila wenyewe. Lori halikuponya hali hiyo kwa sababu barabara hazikuwepo, lakini hata pale zilipokuwepo, petroli yenyewe ilikuwa mzigo wa kubebwa kutoka pwani, ndani ya madebe yaliyovuja.

Hata hivyo, petroli ilitawala miaka 40 iliyofuata, na ilitawala kwa haki. Lori la petroli la miaka ya 1920 hadi 1950 lilikuwa jepesi, rahisi kununua na rahisi kuelewa. Moto wake hutoka kwenye plagi, mafuta yake huchanganywa na hewa kwenye kabureta, na vyote viwili fundi huviona kwa macho, huvisafisha kwa brashi na kuvirekebisha kwa bisibisi. Mfanyabiashara wa duka aliyekuwa na lori moja la tani tatu au tano, akileta chumvi na khanga bara na kurudi na karanga, ngozi au pamba, hakuhitaji karakana. Alihitaji utingo mwenye mikono mepesi na dukani kwake sanduku la spea. Safari zake zilikuwa za kilomita 100 au 200 hadi kituo cha reli, kwa sababu serikali ya kikoloni ilijenga reli ili ibebe mizigo ya masafa marefu na ikaiacha barabara iwe mlishi wa stesheni. Katika mpango huo ulafi wa petroli haukuonekana. Lori lililokwenda Dodoma asubuhi na kurudi jioni halikuwa na muda wa kula mzigo wake. Hilo ni jambo la kushikilia, kwa maana linaonyesha kwamba hakuna injini iliyokuwa bora yenyewe peke yake. Ubora ulitegemea urefu wa njia.

Wakati huohuo, huko Ulaya, dizeli ilikuwa inakua polepole. Rudolf Diesel alipata hataza yake mwaka 1893, na injini iliyopimwa Augsburg mwaka 1897 ilikuwa dubwana la urefu wa mita tatu hivi lililotoa nguvu za farasi 20 tu. Anayetafuta nguvu asingelitazama mara mbili. Kilichowashtua wahandisi ni kwamba iligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, wakati injini za mvuke za siku zile zilipoteza karibu sehemu tisa katika kila kumi. Siri yake ni mbano. Dizeli huvuta hewa tupu na kuibana hadi ipate joto la kuwasha mafuta bila plagi, na kadiri mbano unavyokuwa mkali ndivyo kazi inayopatikana kwa tone moja inavyoongezeka. Injini ya petroli ya miaka ya 1950 ilibana mara sita au saba, kwa kuwa ukiizidishia mbano, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati na injini hugonga. Dizeli ilibana mara 16 na zaidi. Ongeza kwamba lita moja ya dizeli ina joto zaidi kuliko lita ya petroli kwa karibu sehemu moja ya kumi, na kwamba lori la petroli linapokwenda bila mzigo bado hujinyima hewa kwenye kabureta na kupoteza nguvu kwa kuvuta pumzi tu. Kila upande unaougusa, unakuta ubahili wa mafuta. Malori ya kwanza ya dizeli ya Benz na MAN yalitokea Ujerumani mwaka 1923 na 1924, Bosch akaanza kutengeneza pampu za kusukuma mafuta kwa wingi mwaka 1927, na Mmarekani Clessie Cummins alipotaka kuishawishi nchi yake mwaka 1931 hakufanya mashindano ya kupanda mlima. Aliendesha lori kutoka New York hadi Los Angeles, kisha akatangaza kwamba mafuta yalimgharimu dola 11 na senti 22. Aliyeiuza dizeli alijua anauza nini.

Ilibidi lije tukio la kisiasa ili tofauti hiyo iwe suala la uhai kwetu. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia. Mwezi uliofuata Uingereza iliiwekea vikwazo vya mafuta, na Rhodesia ikalipiza kwa kuifungia Zambia bomba lake la pumzi. Zambia ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu wa uhuru. Mafuta yake yote yalipitia kusini, kutoka bandari ya Beira na kiwanda cha kusafishia kilichokuwa ndani ya Rhodesia, na shaba yake, ambayo ilikuwa karibu uchumi wote wa nchi, ilitoka kwa reli hiyohiyo ya kusini. Ndege za kijeshi za Uingereza na Kanada, na za kukodi za Kimarekani, zilibeba mapipa kwa miezi kadhaa, njia ya gharama kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndege ya mizigo hula posho kuliko kiumbe kingine chochote kinachobeba. Iliyobaki ilikuwa barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka ni karibu kilomita 1,900, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa changarawe na udongo, vumbi la kufunika taa wakati wa kiangazi na tope la kumeza ekseli wakati wa masika. Waandishi wa Kiingereza waliiita njia ya jehanamu, na mabaki ya malori yaliyopinduka na kuungua kando yake hayakuwa na lugha nyingine.

Walioitikia kwanza walikuwa watu wenye malori waliyokuwa nayo, na mengi yalikuwa ya petroli. Hapa hesabu inastahili kufanywa kwa utulivu. Tuchukue lori la tani saba. Pipa la lita 200 likijaa petroli lina uzito wa kilo 170 hivi, kwa hiyo lori linabeba mapipa 41. Tulipe lori hilo la petroli, katika barabara ile na milima ile, kilomita mbili na nusu kwa lita, ambayo ni kulifanyia hisani. Kwenda na kurudi ni kilomita 3,800, nalo litakunywa lita 1,520, yaani mapipa saba na nusu. Mtu anaweza kusema kwamba si mapipa yale yaliyobebwa, kwa maana lilijazwa Dar es Salaam. Lakini Zambia haikuwa na mafuta ya kuuza. Dereva aliyejaza tangi Lusaka ili arudi alijaza mafuta ambayo lori jingine lilikuwa limeyaleta kwa njia ileile, na yale aliyoondoka nayo pwani yalikuwa yametua bandarini kwa ajili ya Zambia. Karibu sehemu moja katika tano ya kila safari iliishia kwenye bomba la eksozi. Lori lilelile likiwa na injini ya dizeli na kwenda kilomita nne kwa lita lingetumia lita 950, pungufu ya mapipa matano. Huo ni uokoaji mzuri, lakini peke yake usingetosha kumshawishi mwenye lori, kwa sababu injini ya dizeli ilikuwa ghali sana kuinunua.

Sasa lifungie trela. Lori la dizeli linalovuta trela na kubeba jumla ya tani 30 litashuka hadi kilomita mbili kwa lita, au chini ya hapo kwenye kupanda. Kwa kilomita 3,800 litakula lita 1,900, zaidi ya lori dogo la petroli. Ila litakuwa limebeba mapipa 176 badala ya 41. Posho imeshuka kutoka sehemu moja katika tano hadi kama sehemu moja katika 18, na dereva ni mmoja, utingo mmoja, injini moja. Katika hesabu hii ndipo dizeli na trela vinapoungana na kuwa kitu kimoja. Injini ghali hulipwa kwa tani nyingi zilizosafirishwa kwa kilomita nyingi, na trela ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuongeza tani bila kuongeza injini. Mwenye petroli angeweza naye kufunga trela, lakini kila tani aliyoongeza ingeongeza ulafi wa injini iliyokuwa tayari inafanya kazi kwa pumzi ya mwisho, na faida ingemezwa njiani. Serikali za Tanzania na Zambia ziliposhirikiana na mbia wa Kitaliano mwaka 1966 kuanzisha kampuni ya huduma za barabara kati ya nchi hizo mbili, hazikukusanya malori madogo ya bei nafuu. Zilileta malori ya Fiat ya dizeli yenye matrela, yakapanda na mafuta na bidhaa na kushuka na shaba. Shaba ni mzigo ambao kama ungeumbwa kwa ajili ya trela usingeumbwa vizuri zaidi, kwani vipande vichache tu tayari ni tani, na hauozi wala hauvuji. Lori lililopata mzigo pande zote mbili lilikuwa limekata posho yake nusu nyingine.

Atakayepinga atasema kwamba nimezunguka mbali kukwepa jambo lililo wazi, yaani mlima. Anayetoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa hukutana na Kitonga, barabara iliyoning'inia ubavuni mwa mlima, na hakuna mtu aliyewahi kulipandisha trela pale aliyekuwa akifikiria ubahili wa mafuta. Anafikiria mvuto. Injini ya dizeli hutoa mvuto wake mkubwa ikiwa inazunguka polepole, haitaki kupigiwa kelele, na dereva anaweza kukaa kwenye gia moja huku lori likijivuta kama ng'ombe wa jembe. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni kwamba petroli haikuweza. Katika nchi ambayo petroli ilikuwa rahisi kama maji, waundaji waliithibitisha nguvu yake bila shaka yoyote: kampuni ya GMC ya Marekani iliuza kati ya mwaka 1960 na 1965 injini ya petroli ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 11 na nusu, kwa ajili ya malori mazito, na mvuto wake ulilingana na wa dizeli kubwa za wakati wake au kuzipita. Ingepanda Kitonga bila kuomba msaada. Ilichoshindwa ni kujilisha. Mvuto hununuliwa kwa ukubwa wa injini, petroli au dizeli, na swali linabaki ni mafuta kiasi gani utayatoa kwa kila saa ya mvuto huo. Wamarekani waliendelea na malori mazito ya petroli kwa miongo kadhaa baada ya Ulaya kuyaacha kwa sababu visima vilikuwa jirani na kodi ilikuwa ndogo. Milima yao si mifupi kuliko yetu.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao hauisaidii hoja ya mvuto kama inavyodhaniwa. Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya bahari na Mbeya 1,700. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, iwe ya petroli au ya dizeli. Tofauti ni kwamba kabureta iliyopangwa pwani huendelea kumwaga petroli nyingi kwenye hewa iliyopungua, na lori linakuwa dhaifu na lafi kwa wakati mmoja. Dizeli nayo hutoa moshi mweusi, jambo ambalo wakazi wa kando ya barabara ile wanalijua kwenye vifua vyao. Dawa ya kweli ilikuwa turbo, iliyorudisha hewa kwa kutumia moshi wenyewe. Volvo iliitoa kwenye malori mwaka 1954, na Scania ilipoleta injini ya V8 ya lita 14 yenye nguvu za farasi 350 mwaka 1969, kwa mara ya kwanza lori la barabarani likawa na nguvu ya kupita kiasi. Turbo ilikaa vizuri kwenye dizeli kwa kuwa dizeli hupenda kubanwa, wakati petroli ya zamani ingegonga. Lakini tazama miaka. Uamuzi wa njia ya Zambia ulifanywa mwaka 1966, kwa dizeli zisizo na turbo, zilizotambaa. Nguvu ilikuja baadaye, kama zawadi kwa waliokuwa wamekwisha kuchagua kwa sababu nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linasema dizeli ilibebwa na kodi. Uingereza, ambako malori mengi ya makoloni yalitoka, ilirudisha ushuru wa petroli mwaka 1928 na kuupandisha hadi peni nane kwa galoni, huku mafuta ya dizeli yakiachwa bila ushuru wowote hadi mwaka 1933. Bila shaka miaka hiyo iliwasukuma wenye mabasi na malori ya Kiingereza kwenye dizeli, na viwanda vya Gardner, AEC na Leyland vilikomaa chini ya kivuli hicho. Anayesema kwamba tulirithi uamuzi wa waziri wa fedha wa London hajakosea kabisa. Ila mwaka 1935 ushuru wa mafuta yote mawili ulilinganishwa, na hakuna aliyerudi nyuma. Kodi iliwafanya watu waijaribu dizeli, na vitabu vya hesabu vya makampuni ndivyo vilivyowafanya wabaki nayo. Tena huku kwetu, mwaka 1966, bei ya pampu haikuwa na maana kubwa. Pale ambapo hakuna mafuta, lita haina bei. Serikali iliyokuwa ikihesabu siku ambazo migodi ya Ukanda wa Shaba ingeweza kuendelea kufanya kazi haikutazama shilingi ngapi zimetumika kwa galoni. Ilitazama mapipa mangapi yamefika.

Wengine husema kwamba Mwafrika hakuchagua chochote, alipokea alicholetewa. Laiti ingekuwa hivyo tu, historia hii isingehitaji kuandikwa. Bedford, lori lililojulikana katika kila soko la Afrika Mashariki, liliuza modeli yake ya TK kuanzia mwaka 1960 kwa injini zote mbili, kwenye chesisi ileile. Mnunuzi alisimama mbele ya lori moja na kuulizwa anataka moyo upi. Wengi wenye safari fupi walitaka petroli, na walikuwa na sababu. Dizeli ya zamani haikusamehe uchafu. Pampu yake na nozeli zake zilichongwa kwa vipimo vidogo kuliko unywele, na mafuta yaliyokaa kwenye pipa lenye kutu, yaliyochotwa kwa ndoo na kupitishwa kwenye kitambaa, yalimwua mnyama huyo kwa siku chache. Pampu ikiharibika, utingo na bisibisi yake hawana la kufanya, inapelekwa mjini kwenye mashine ya kuipimia. Kwa hiyo dizeli ilihitaji bohari, vichujio, mafundi waliosomea na mtaji wa kungojea. Kampuni ya serikali mbili iliweza. Mwenye lori moja hakuweza, na hapo ndipo kuna hasara ambayo wasimulizi wa maendeleo huipita kimya: kazi iliyokuwa wazi kwa mtu mwenye lori la mkopo na ujasiri ikawa kazi ya makampuni. Ilichukua muda mrefu hadi ujuzi wa nozeli ulipoenea kwenye gereji za Gerezani, Iringa na Mbeya, na mtu binafsi akaweza tena kununua kichwa cha lori kilichotumika Ulaya na kufunga semi nyuma yake.

Petroli ilikuwa na fadhila nyingine moja iliyozikwa nayo, na kwa haki isemwe. Dereva wa petroli anapoachia mafuta kwenye mteremko, kabureta hufunga koo na injini hulishika gari. Dizeli haina koo la kufunga, na lori la tani 30 linaposhuka Kitonga na kutegemea breki za magurudumu peke yake, breki hupata moto na kuisha kabla ya bonde. Dizeli ilibidi ipewe koo la bandia, yaani breki ya eksozi, na sheria ya madereva ya kushuka kwa gia uliyopandia ilipata uzito mpya. Kwa upande mwingine, mvuke wa petroli huwaka kwa cheche hata penye baridi kali, wakati dizeli hukataa hadi ipate joto la nyuzi 50 na zaidi. Kwa watu waliolala chini ya malori yenye mapipa yanayovuja, wakapikia pembeni, jambo hilo halikuwa la kitabuni.

Mahitaji yaliyoizaa njia ile ya malori yalipunguzwa haraka. Bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 lilifunguliwa mwaka 1968 na kuanza kupeleka mafuta Ndola bila dereva wala utingo. Lami ikafuata barabarani, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa mwaka 1976. Kwa kanuni ya posho, bomba na reli vilipaswa kuliua lori, kwani nchi kavu hakuna kinachokula kidogo kuliko hivyo kwa kila tani. Halikufa, kwa sababu reli ilidhoofika na Kongo ikahitaji njia, na foleni ya mpakani Tunduma leo ina malori mengi, karibu yote ya dizeli. Mwaka 2023 bomba lilelile lilibadilishwa ili lisukume dizeli iliyosafishwa badala ya mafuta ghafi.

Swali limerudi sasa likiwa na jina jingine. Tanzania ina gesi asilia, Songo Songo na Mnazi Bay, na kiwanda cha saruji cha Dangote huko Mtwara kimeanza kutumia malori ya gesi. Bei ya gesi inavutia, moshi wake ni msafi, na fedha za kigeni hazitoki. Anayetaka kujua itafika wapi afanye hesabu ya Bagamoyo. Lita moja ya gesi iliyobanwa kwa kipimo cha kawaida cha mitungi ina joto karibu robo ya lita moja ya dizeli. Lori lenye tangi la lita 400 za dizeli litahitaji lita 1,600 za mitungi, na mtungi wa chuma una uzito wa kilo moja hivi kwa kila lita. Pamoja na gesi yenyewe ni karibu tani moja na nusu zaidi ya tangi la dizeli, na sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56 kwa lori na trela, pamoja na kila kilichofungwa juu yake. Kila kilo ya mtungi ni kilo ya saruji iliyoachwa kiwandani. Kwa lori linalotoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, kilomita 560 hivi, likijaza gesi mwanzo na mwisho wa safari, tani hiyo na nusu inalipika. Kwa lori linaloelekea Lusaka au Lubumbashi, jibu liko kwenye ramani ya vituo vya kujazia, na kwa sasa baada ya kuiacha pwani vituo hivyo ni vichache mno kubeba safari ya kilomita 1,900.